Maswali yenu kuhusu hadithi na ngoma za Lamu

Mwalimu, bibi yangu wa Shela ana ngano nyingi. Nataka kuzikusanya kwa kazi ya chuo. Simu yatosha?

Kwa sauti yatosha, mwanangu. Lakini ukirudi na maneno matupu hujafika hata nusu ya kazi. Andika alisimulia usiku au mchana, nani walikuwako, walicheka wapi, wimbo wa katikati uliitikiwa na nani, na yeye aliisikia kwa nani. Tafadhali, usimsahihishe Kiamu chake, lahaja ya Lamu: akisema "ndia", usiandike "njia".

Fumo Liyongo, yule shujaa wa hadithi za pwani, aliishi kweli?

Watu wa Ozi, huko Kipini, huonyesha kaburi lake. Wataalamu nao hawajaafikiana hata karne aliyoishi. Mimi navutiwa zaidi na jinsi alivyohifadhiwa. Muhammad Kijuma aliuandika utendi wake hapa Lamu mwaka 1913, kwa herufi za Kiarabu, lakini habari zake zilikuwa vinywani mwa watu tangu zamani. Tazameni kifo chake: mwanawe anamdunga sindano ya shaba kitovuni, mahali pekee pa kumdhuru, baba akiwa usingizini, naye Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anatia mshale kwenye uta, anakata roho vivyo hivyo. Mji mzima ukakosa maji, watu wakidhani yu hai.

Mwanangu asema Wagiriki nao wana shujaa Achilles, aliyedhurika kisiginoni tu. Nani aliiga?

Si lazima awepo aliyeiga. Mmarekani Stith Thompson alipoorodhesha vipengele vya hadithi za dunia, shujaa asiyedhurika ila mahali pamoja alimpa namba Z311. Namba hiyo yasaidia kutafuta na kulinganisha. Haielezi kwa nini kwetu muuaji ni mtoto wa kumzaa, aliyehadaiwa kwa ahadi ya mke. Jibu la hilo litafuteni kwa wasimulizi wenyewe, na kwa habari za ugomvi wa utawala pwani hii.

Nilirekodi vugo harusini. Niiweke mtandaoni?

Usiiweke bado, dada yangu. Vugo ni ngoma ya wanawake, na mengine huimbwa kwa kuwa wanaume hawapo. Tangu 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa na sanaa za jadi za jamii, ila hata pasipo sheria heshima ingetosha. Rudi kwa waimbaji, wasikilizishe, waeleze kwamba yeyote duniani ataweza kuisikia. Akikataa mmoja, sauti yake usiitoe.