Maswali na Majibu: Copland na Mashairi ya Dickinson

Wiki mbili zilizopita niliandika kuhusu nyimbo 12 za sauti moja na piano ambazo Aaron Copland, mtunzi wa Marekani, alizitungia mashairi ya Emily Dickinson. Mmeniuliza mengi. Leo nachukua haya.

Shikamoo mwalimu. Huyo Dickinson aliwahi kuzisikia nyimbo hizi?

Marahaba. Wapi! Alifariki mwaka 1886 mjini Amherst, Massachusetts; Copland akazaliwa 1900. Na kati ya mashairi yake karibu 1,800, yaliyochapishwa akiwa hai ni kama kumi tu. Nyimbo zenyewe zilisikika kwa mara ya kwanza Mei 18, 1950, Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Aliimba Alice Howland, Copland mwenyewe akiwa kwenye piano.

Shairi la mwisho, "The Chariot", lina beti 6 kitabuni kwangu. Kwenye wimbo nahesabu 5. Mtunzi anaruhusiwa kumkata mshairi hivyo?

Umehesabu vizuri, ila mshtakiwa si Copland. Shairi ni lile la Kifo kuja na gari la farasi, mpole, mwenye adabu zake, kumchukua mwanamke asiyekuwa na nafasi ya kumngoja. Toleo la kwanza la mwaka 1890 lilihaririwa na Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson. Hao ndio walioutoa ubeti wa nne, wakabadili maneno, wakafuta vistari (—) ambavyo Dickinson alivichomeka kila mahali. Hata jina "The Chariot" ni lao. Toleo la Thomas H. Johnson, lililomrudishia mshairi maandishi yake, lilitoka 1955, na Copland alikuwa ameshamaliza kazi tangu 1950.

Kinachoniacha hoi ni hiki: vile vistari Copland hakuwa navyo mbele yake, lakini sikiliza sauti ya mwimbaji. Inaruka ghafla, inakatika, inangoja, inaendelea. Kwa sikio langu mtu huyu alivisikia vistari vilivyokwisha kufutwa.

Mtunzi mkubwa vile, kwa nini piano peke yake? Si angeweka okestra?

Aliweka baadaye, kwa nyimbo 8 tu. Kazi hiyo aliikamilisha 1970. Mimi bado nashika piano. Chukua "I felt a funeral in my brain": mazishi yanafanyika ndani ya kichwa cha mtu, waombolezaji wanakwenda na kurudi, ibada inadunda kama ngoma. Mkono wa kushoto wa mpiga piano unashuka chini kabisa na kugonga, kugonga, mpaka hujui tena kama unasikia noti au kishindo. Huo hakuupeleka kwenye okestra, wala sishangai.

Mashairi ya Dickinson yana mizani kama yetu?

Yanayo. Mengi yanakwenda mizani 8, 6, 8, 6, vipimo vya nyimbo za kanisani. "Because I could not stop for Death", hesabu: 8. "He kindly stopped for me": 6. Ndiyo maana unaweza kuliimba shairi hilo karibu lote kwa sauti ya "Amazing Grace", na likakaa. Copland angeweza kujipumzisha hapo. Hakutaka.

Lazima ziimbwe zote 12?

Si lazima, ingawa yeye alipendelea ziimbwe pamoja. Ni kama nusu saa.

Nataka kulitungia muziki shairi la Kiswahili. Nianzie wapi?

Kabla ya kugusa kinanda, lisome kwa sauti, mara ishirini ikibidi, na utie alama kila silabi yenye mkazo. Kwetu mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito la muziki likiangukia kwingine neno linaumia. Mengine hata hubadilika maana. Niliwahi kuipatia kwaya wimbo wenye maneno "barabara ya nyumbani", pigo zito nikaliweka kwenye "ra" ya kwanza. Njia ikageuka "sawasawa". Sauti ya nne ndio waliocheka kwanza, na nota nilikuwa nimeshazitoa nakala arobaini.