Transfoma ya 12V kusoma 14.5V si mbovu

Kama transfoma yako ya 12V inasoma 14.5V kwenye mita, usiitupe. 14.5V bila mzigo (yaani bila taa au kifaa chochote kinachotumia umeme wake) ni kawaida kwa transfoma ndogo ya koili. Ile 12V ya kwenye kibandiko ni volti zake ikiwa imebeba mzigo kamili, kwa sababu nyaya nyembamba za ndani hula volti kadhaa umeme ukipita.

Kama ni ya 20VA (VA ni kipimo cha uwezo wake wa kubeba mzigo), iunganishe na taa ya halojeni ya 12V 20W, weka mita kwenye V~ (volti za AC, siyo ile ya DC), kisha pima kwenye skrubu zenyewe za kutolea umeme. Ikisoma 11.5 hadi 12.5, ni nzima. Ikishuka hadi 10, angalia kwanza umeme unaoingia: 230 ikianguka hadi 190, huku nako 12 inakuwa 10. Umeme wa kuingia ukiwa sawa, kagua skrubu iliyolegea. Plastiki inayoizunguka huwa imegeuka kahawia. Koili iliyoshoti huchemka hata bila mzigo.

Ila transfoma nyepesi za kielektroniki usizipime hivi. Hutoa mawimbi ya makumi ya kilohezi, mita ya kawaida hudanganya, na bila mzigo nyingi haziwaki kabisa.