Kabla Hujamleta Samaki Nyumbani

Usinunue tangi na samaki siku moja. Kama una haraka, shika hilo tu, mengine utayarudia ukipata nafasi.

Mimi nilinunua vyote Jumamosi moja hapa Dar es Salaam: tangi la lita 60, changarawe za buluu, filta (kichujio cha maji) ndogo ya sponji na samaki sita wa dhahabu. Kufika nyumbani nikajaza maji ya bomba, nikawamimina, na jioni ile watoto wakakaa mbele ya kioo badala ya televisheni. Siku ya tatu maji yakaingia ukungu. Kwetu nimelelewa kwamba kitu kikichafuka kinaoshwa, basi nikawahamishia samaki kwenye ndoo, nikasugua kioo, nikaosha changarawe na sponji kwa sabuni chini ya bomba, nikajaza maji mapya. Siku ya tano nikarudia. Kufikia siku ya tisa hakubaki hata mmoja. Yule wa mwisho alikufa akihema juu ya maji, matamvua yake mekundu kama yaliyoungua.

Na yalikuwa yameungua kweli. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba niliyewaua ni mimi, na kwamba sabuni yangu ilikuwa sehemu ya kifo hicho. Ndiyo maana sehemu hii nitaieleza taratibu.

Samaki hana choo cha pembeni. Kila anachokula kinarudi ndani ya maji yale yale anayoyapumua, na sehemu kubwa inatoka kwenye matamvua yake ikiwa amonia, ambayo ni sumu. Ziwani amonia inapotelea katika maji mengi. Ndani ya lita 60 haina pa kwenda, mpaka wapatikane bakteria wa kuila. Kundi la kwanza la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, kwa sababu inaizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka siku utakapobadilisha maji. Bakteria hawa hawaelei tu majini. Wanashikamana na sponji ya filta, changarawe na kuta za kioo. Kwenye tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka hadi watoshe. Mimi kila walipoanza kushika nilikuwa nawaosha na kuwamwaga.

Kwa hiyo wiki hizo nne au sita ni za tangi bila samaki. Jaza maji, washa filta, iache ifanye kazi usiku na mchana. Kila siku dondosha chembe chache za chakula cha samaki zioze mle, ndizo zitakazotoa amonia ya kuwalisha bakteria. Nunua vipimo vya maji, vile vya matone kama utavipata, maana vile vya karatasi huwa havisomeki vizuri. Utaona amonia inapanda, halafu inashuka huku nitriti ikipanda, halafu nitriti nayo inashuka. Siku amonia na nitriti zitakaposoma sifuri na nitrati ikaonekana, tangi limeiva. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake, ukibebe kikiwa kimelowa maji yake mwenyewe, kisha kiweke ndani ya filta yako. Hakuna zawadi bora kuliko hiyo, na inafupisha safari sana. Kuanzia hapo sponji isiguse tena maji ya bomba wala sabuni. Ikijaa uchafu, ikamue kidogo kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa ndani ya tangi.

Tangi lenyewe, mafundi vioo wetu wanalitengeneza vizuri na kwa bei nafuu kuliko la kuagizwa. Mwambie fundi ni la samaki, asitumie gundi ya silikoni yenye dawa ya kuzuia ukungu. Liache likauke hadi ile harufu ya siki iishe kabisa, ndipo ulijaze kwa majaribio. Kujua ujazo, zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, ugawe kwa 1000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 35 ni lita 63, yaani kilo 63 za maji kabla hujaongeza kioo na mawe. Meza ya kahawa hailiwezi. Na liweke mbali na dirisha la jua, maana jua la mchana la hapa kwetu litakupa mwani wa kijani na maji ya moto.

Maji ya bomba yana klorini, ambayo huua bakteria wako na kuunguza matamvua. Maji yakikaa kwenye ndoo wazi siku nzima, hasa ukiyapitishia hewa kwa pampu, klorini huondoka. Lakini kuna mamlaka za maji duniani zinazotumia kloramini, dawa ya maji ya jamii ya klorini, na hiyo haiondoki kwa kusubiri. Kichupa cha dawa ya kuondoa klorini ni salama zaidi. Wanaotumia maji ya kisima hawana shida ya klorini, ila maji ya visima vingi vya pwani ni magumu, yaani yana madini mengi kama chokaa, mengine yana chumvichumvi. Usipigane nayo. Chagua samaki anayependa maji ya namna hiyo.

Wengi wetu tunakosea hapa, kwa sababu tunachagua samaki kwa macho. Neoni tetra, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa, asili yao ni maji laini ya Amazon. Kwenye maji magumu wanadhoofika kimyakimya. Samaki aina ya gapi na moli wanayafurahia maji hayo hayo magumu. Na kuna samaki wetu wenyewe ambao mtu wa Kigoma anaweza asijue kuwa wanafugwa sebuleni Ujerumani. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu zote hazipatikani popote pengine, na maji yake ni magumu yenye pH (kipimo cha asidi) inayokaribia 9. Kuna mmoja asiyezidi sentimita 5 anayeishi ndani ya makombe matupu ya konokono, familia nzima kwenye eneo la sahani moja, kila mmoja na kombe lake. Inaniuma kuona kijana wa hapa anahangaika na neoni tetra wakati maji yake ya kisima yangemfaa samaki huyo bila taabu.

Muulize muuzaji jambo moja kabla ya bei: akikua anafikia ukubwa gani? Samaki wa dhahabu wa sentimita 4 anaweza kuvuka sentimita 20 na kuishi zaidi ya miaka 10. Wale sita wangu hawakuwa na maisha ndani ya lita 60 hata kama ningefanya mengine yote sawasawa. Na akikushinda baadaye, mrudishe dukani au mpe mwenye tangi kubwa, usimwachie mtoni wala ziwani. Sangara, samaki anayekula wenzake, aliletwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na furu wengi, samaki wadogo wa asili wa ziwa lile, hatuwaoni tena.

Siku ya kununua, nenda asubuhi. Simama mbele ya tangi la dukani dakika kumi bila kuongea. Kama kuna maiti mle, ondoka, hata huyo unayemtaka awe mchangamfu kiasi gani, maana maji wanachangia. Achana na mwenye tumbo lililobonyea, mwenye mapezi yaliyobana mwilini, anayejisugua kwenye mawe, anayehema juu. Omba walishwe ukiona. Anayekimbilia chakula ana nafuu kubwa. Ukiambiwa wamefika jana, lipa kidogo cha kushikilia, urudi baada ya wiki. Na chukua wachache. Tangi jipya, hata lililoiva, bakteria wake wanatosha kwa samaki watatu wanne wadogo. Wengine subiri wiki mbili zaidi.

Mfuko ujazwe maji theluthi moja, iliyobaki iwe hewa. Ufunge kwa gazeti au uweke ndani ya kapu lenye kifuniko, gizani samaki anatulia. Usiuweke mbele ya kioo cha gari. Foleni ya saa nzima juani inatosha kumpika.

Ukifika nyumbani, zima taa ya tangi. Uache mfuko uelee juu ya maji ukiwa umefungwa, dakika 15 hadi 20, joto lilingane. Kisha ufungue, ongeza kikombe kidogo cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano au saba, kwa nusu saa hivi. Halafu mvue kwa wavu, maji ya mfuko uyamwage kwenye sinki. Yasiingie tangini kamwe.

Hiyo ni kwa safari fupi. Kama samaki amesafiri usiku kucha kwa basi, taratibu inabadilika. Mimi nilipoteza samaki wanne wa kutoka mbali kwa kuwafanyia polepole ile ile niliyoisifu hapo juu. Ndani ya mfuko uliofungwa muda mrefu, hewa ya ukaa anayoitoa samaki huyafanya maji yawe na asidi, na kwenye maji ya asidi amonia hukaa katika hali isiyo na makali. Ukifungua mfuko, hewa ya ukaa inatoka, asidi inapungua, na amonia yote iliyolundikana njiani inageuka sumu kali papo hapo, samaki akiwa bado humo. Kwa huyo, linganisha joto mfuko ukiwa umefungwa, kisha fungua na umhamishe bila kuchelewa, kwenye maji ambayo uliyaandaa yafanane na alikotoka.

Anahamia wapi? Kama tangi lako lina wenyeji tayari, asiende kwao. Aende karantini, yaani atengwe kwanza. Beseni la plastiki la lita 30 au 40 linatosha, lenye filta ya sponji, kipande cha bomba la kujifichia na kifuniko, kwa sababu samaki mgeni huruka. Ile sponji iwe imekaa kwenye tangi kubwa wiki kadhaa kabla, ili ije na bakteria wake. Wiki mbili ni za lazima, mimi nakaa nne.

Najua utashawishika kuruka hatua hii. Nami niliiruka mara moja, kwa moli wawili waliokuwa wazima machoni, kwa sababu wageni wa sikukuu walikuwa wanakuja na nilitaka tangi lipendeze. Baada ya siku sita kila samaki alikuwa na madoa meupe kama punje za chumvi. Kijidudu cha ugonjwa huo hukaa chini ya ngozi ya samaki, ambako dawa haimfikii. Akikomaa anadondoka, anajibandika kwenye changarawe na kugawanyika kuwa mamia, ambao wanaogelea kutafuta samaki wengine. Ni wakati huo wa kuogelea tu dawa inawaua. Kwa hiyo madoa yakitoweka samaki hajapona bado. Endelea na dozi mpaka mwisho, na pandisha joto taratibu hadi nyuzi 30 ili mzunguko wao uende haraka, huku pampu ya hewa ikifanya kazi zaidi, kwani maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Niliokoa nusu. Beseni la elfu kadhaa lingewaokoa wote.

Siku ya kumwingiza kwa wenyeji, walishe wenyeji kwanza, zima taa, na uhamishe mawe mawili matatu ili mipaka yao ivurugike na wote waonekane wageni. Siku ya kwanza usimlishe, akijificha muache. Kuanzia kesho yake, mpe kile anachomaliza ndani ya dakika mbili.

Kwa wiki mbili pima amonia na nitriti kila siku. Ikionekana hata kidogo, badilisha robo ya maji siku hiyo hiyo. Walio kwenye baridi ya Arusha, Njombe au Nairobi wanahitaji hita ya kupasha maji joto. Dar es Salaam mimi natumia ya akiba tu kwa ugonjwa. Umeme ukikatika, teka maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu kila baada ya dakika chache, au uwe na pampu ya betri. Filta iliyozimika saa nyingi ikamuliwe kwanza kabla ya kuwashwa, uozo wake usimwagike kwa samaki.

Ongea na watu wa nyumbani kabla samaki hajafika. Anayelisha awe mmoja. Kwetu niligundua kwamba mtoto alilisha asubuhi, dada wa kazi mchana, na mama mkwe, kwa huruma tu, alitia mkate jioni. Samaki mzima anaweza kukaa siku tatu bila chakula asidhurike. Shibe ya watu watatu inaoza na kuwa amonia.

Na dawa ya mbu. Dawa nyingi za kupuliza zina sumu za jamii ya pareto, ambazo kwa mtu si kitu sana lakini kwa samaki ni kifo hata kwa kiasi kidogo mno, na pampu ya hewa inazivuta moja kwa moja hadi majini. Kama ni lazima kupuliza, zima pampu, funika tangi lote kwa nguo nzito, fungua madirisha baadaye hadi harufu iishe ndipo uwashe. Nyumbani kwetu kopo la dawa hiyo linakaa kabatini, na juu yake limewekwa shuka kuukuu la kufunikia tangi, ili asiwepo anayeweza kulichukua kopo bila kwanza kushika shuka.