Kubadilisha paa la nyumba: kibali kinahitajika lini?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nina nyumba ya chini, vyumba vitatu, huku Mbezi. Kiwanja kimepimwa na hati ninayo. Bati ni geji 30, limeshika kutu, na masika haya dari la sebuleni limeshuka. Fundi ametushauri tuezue lote tuweke paa la kujificha kama nyumba za kisasa. Anasema huu ni ukarabati tu, barua ya serikali ya mtaa inatosha. Mume wangu anang'ang'ania twende manispaa kwanza. Nani yuko sahihi? Na tukienda, tubebe nini? – Mama Wawili, Dar es Salaam.

JIBU: Nzuri, Mama Wawili, na poleni kwa dari. Mumeo yuko sahihi. Fundi naye angekuwa na hoja kama mngekuwa mnafanya kazi nyingine.

Mngekuwa mnaezua bati bovu na kupiga bati jipya juu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zilezile, kwa mwinuko uleule, mkibadilisha papi (mbao za kupigilia bati) mbili tatu zilizoliwa na mchwa, hayo yangekuwa matengenezo. Nyumba inabaki ilivyokuwa. Hata kwa kazi ya namna hiyo mimi huwashauri wateja wangu waandike barua fupi kwa Mkurugenzi wa manispaa, ipitie kwa mtendaji wa mtaa, ieleze kinachofanyika, na nakala iliyogongwa muhuri ikae nyumbani. Ni karatasi moja, lakini siku mkaguzi akipita na kuona mbao zimepangwa uani, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Mnachotaka kufanya ninyi si hicho. Paa la kujificha maana yake mnapandisha ukuta juu ya ukuta kuzunguka nyumba nzima, mnatupa kenchi za zamani, mnalaza bati karibu tambarare, na maji yote ya mvua mnayaingiza kwenye mfereji ulio ndani ya ukuta. Urefu wa nyumba unabadilika, sura ya nje inabadilika, na uzito unaokaa juu ya msingi unabadilika. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka idhini ipatikane kabla ya kuendeleza ardhi mjini, na zipo kanuni za mwaka 2008 za kudhibiti ujenzi katika halmashauri za miji. Kazi yenu inaangukia humo moja kwa moja. Barua ya serikali ya mtaa ni utambulisho tu, inasema wewe ni mkazi na kiwanja hakina mgogoro. Mtaa hautoi kibali cha ujenzi. Nimeona kuta ngapi zenye rangi nyekundu, "SIMAMISHA UJENZI", na mwenye nyumba amesimama pembeni kaishika barua ya mtaa mkononi!

Sasa niseme kwa nini mhandisi wa manispaa atataka kuona mchoro, maana watu wengi hudhani anatafuta sababu ya kuwazungusha. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 15. Mzunguko wake ni mita 50. Ukipandisha ukuta wa kuficha paa wenye kimo cha mita moja, kwa tofali za saruji za inchi 6 na lipu pande zote mbili, kila mita ya mraba inakaribia kilo 300. Hizo ni tani 15 hivi, juu ya linta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha) na msingi ambavyo havikupigiwa hesabu ya mzigo huo. Nyumba nyingine zitabeba bila shida. Nyingine zitaanza kupasuka pembeni mwa madirisha baada ya mwaka. Ipi ni ipi, hakuna anayejua kwa kuangalia tu kutoka barazani, hata awe fundi wa miaka 30.

Halafu kuna maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba hiyohiyo ya mita za mraba 150 ikinyeshewa milimita 60 usiku mmoja, jambo linaloweza kutokea Dar mwezi wa Aprili, imepokea lita 9,000. Paa lenu la sasa linayamwaga pande zote nje ya ukuta. Paa la kujificha litayapitisha kwenye matundu mawili au matatu ya inchi 4. Majani ya mwembe na mfuko mmoja wa plastiki vinatosha kuziba tundu, na maji yakikosa njia yanarudi chini ya bati na kushukia kwenye dari la jipsamu. Kwa hiyo kwenye mchoro wenu hakikisheni kuna bomba la tahadhari, lile linalotoboa ukuta kwenda nje, na mdomo wake uwe chini kuliko ukingo wa ndani wa mfereji. Likiwekwa juu ya ukingo halina kazi. Mafundi wengi huliruka kwa sababu haliwapendezi kwenye picha. Kumbukeni pia kwamba mnapoondoa paa linalotokeza nje, mnaondoa kivuli na kinga ya madirisha. Mvua ya upepo itapiga ukutani moja kwa moja.

Mkibadili mawazo mkataka vigae vya saruji, shauri ni lilelile. Bati la geji 28 lina uzito wa kilo 4 hivi kwa mita ya mraba, vigae ni 45 na zaidi. Kenchi za bati hazibebi vigae. Bati lililofinyangwa kwa umbo la kigae halina tatizo hilo, bado ni bati.

Mkienda manispaa bebeni nakala ya hati, risiti za kodi ya ardhi na ya jengo, kitambulisho, barua ya mtaa (hapa ndipo inapofaa), na michoro: ramani ya nyumba ilivyo na itakavyokuwa, sura zake za nje, mkato unaoonyesha paa, mpango wa paa wenye mielekeo ya maji, na mahali nyumba ilipo ndani ya kiwanja. Michoro iwe imesainiwa na mtaalamu aliyesajiliwa. Kwa ule ukuta wa juu, ongezeni ukurasa wa mhandisi. Maombi siku hizi huingizwa kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, lakini piteni kwanza dirishani kwa maofisa wa mipango miji muwaulize wanataka nakala ngapi na za namna gani, itawaokoa kurudishwa. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali tu. Anayetaka hela mkononi "aharakishe faili" mwacheni.

Wataomba pia kibali cha awali cha nyumba. Nyumba nyingi za Dar zina hati lakini hazikuwahi kuwa na kibali, na ninahisi yenu inaweza kuwa mojawapo. Msifiche. Mchoraji aje apime nyumba ilivyo, achore, muombe vyote pamoja. Huenda mkatozwa faini, na kama ukuta umesogea mno mpakani mtaambiwa hapo. Ni afadhali kulisikia hilo sasa kuliko wakati paa liko wazi.

Nalo hilo la paa kuwa wazi: msiezue hata bati moja kabla kibali hakijatoka. Kwa sasa zibeni matundu kwa lami ya kuzibia na turubai, dari libaki hivyo hivyo. Kibali kikitoka, someni tarehe ya mwisho wa uhai wake, wekeni nakala ya michoro iliyogongwa muhuri hapo kazini, na mpangieni fundi amalize kabla ya vuli, Oktoba. Akitaka kuongeza kozi (mstari) moja ya tofali "ili ipendeze", mwambieni arudi kwanza kwa mhandisi aliyesaini.