Mguu wa binti kupinda kila jioni

Pole, dada. Umesema binti yako huamka akitembea vizuri, jioni mguu unapinda kwa ndani na anachechemea, na shangazi yake alikuwa hivyo hivyo utotoni. Tofauti hiyo ya asubuhi na jioni usiipuuze. Wapo watoto wa namna hii walioandikiwa mtindio wa ubongo kwa makosa.

Kuna distonia (misuli kujikaza yenyewe na kupinda kiungo) ya kurithi iliyoelezwa na Masaya Segawa, daktari wa Japani, miaka ya 1970. Mwaka 1994 ilibainika kwamba mara nyingi chanzo ni hitilafu ya jeni ya GCH1: kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo, kinapungua. Seli zinazotengeneza dopamini zenyewe hazifi kama kwenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka unaowapata zaidi wazee, ndiyo maana dozi ndogo ya levodopa, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, huweza kurudisha mwendo, hata tiba ikichelewa.

Mrekodi video asubuhi na jioni, uende nazo kwa daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto, na habari za shangazi umpe. Vidonge vya levodopa usimpe mwenyewe, hata kama babu anavyo nyumbani. Daktari atataka kwanza kuhakikisha si ugonjwa wa Wilson, yaani madini ya shaba kujikusanya mwilini, ambao una tiba yake. Akitapika, metoclopramide, dawa ya kuzuia kutapika, isitolewe kabla hujamuuliza daktari, maana inazuia dopamini. Akishindwa kumeza au kupumua, kimbilia hospitali.