Hella Haasse: aliacha jukwaa, akashika kalamu

Dada, umeuliza kama miaka mitatu uliyosomea maonyesho Bagamoyo imepotea bure, kwa vile sasa umeacha kuigiza na unaandika hadithi. Nitakujibu kwa habari za mwanamke mmoja wa Uholanzi, nchi niliyoishi miaka saba nikitunza wazee.

Mwaka 2009, Kiholanzi changu kikiwa bado cha kubabaisha, maktaba za nchi nzima ziligawa kitabu kimoja bure kwa wanachama wake. Nikapewa changu, chembamba: Oeroeg, cha Hella Haasse. (Hiyo "oe" yao ni "u" yetu.) Nilikisoma kwenye treni nikienda kazini, kamusi mapajani. Sentensi ya kwanza ina maneno manne tu: Oeroeg alikuwa rafiki yangu. Hapo kwenye "alikuwa" nikajua kuna kitu kimevunjika.

Haasse alizaliwa 1918 Batavia, Jakarta ya leo huko Indonesia, baba yake akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Uholanzi. Mwaka 1938 alikwenda Amsterdam kusoma lugha za Skandinavia, akaziacha, akaingia shule ya maigizo. Alihitimu 1943, mji ukiwa mikononi mwa Wajerumani, wakati msanii alilazimika kujiandikisha kwenye chombo chao ndipo aruhusiwe kupanda jukwaani. Uigizaji wake haukudumu. Akaolewa, akaandika mashairi na michezo ya kuchekesha. Mwaka 1947 binti yake wa kwanza akafa kwa dondakoo.

Mwaka uliofuata ndipo Oeroeg kikatoka. Yalikuwa mashindano ya kutafuta kitabu cha kugawa kwenye Wiki ya Vitabu ya Uholanzi, na hadithi zilipelekwa bila jina, kila mtu na kaulimbiu yake. Yake ilikuwa ya Kimalay, soeka toelis, yaani apendaye kuandika. Hata kilipogawiwa hakikuwa na jina la mwandishi. Wasomaji walitakiwa wakisie ni nani.

Sasa tazama alichofanya humo. Anayesimulia ni mwanamume wa Kiholanzi, mtoto wa msimamizi wa shamba la chai kule Java, na hatajwi jina mwanzo hadi mwisho. Mwanamke wa miaka thelathini aliingia ndani ya mvulana yule, akaona kwa macho yake, akakosea kwa makosa yake, na hakutoka humo hata ukurasa mmoja. Kwangu mimi huo ni uigizaji mtupu, ila umefanyika kwenye karatasi. Alichojifunza shuleni hakikupotea.

Mimi ni mtoto wa nyapara wa chai, Mufindi. Baba yake Oeroeg, mwenyeji wa Java, naye ni nyapara. Usiku mmoja ziwani anazama akimwokoa mtoto wa bosi, yaani yule msimulizi. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, na kituo changu kikapita bila mimi kuona. Nilikuwa na rafiki, mtoto wa meneja. Tulivua samaki pamoja kwenye bwawa la shamba mpaka nilipofika darasa la nne. Hakuna aliyetukataza. Siku moja tu alipita kwenye gari na baba yake, nikapunga mkono, akatazama mbele.

Si wote walikisifu. Tjalie Robinson, mwandishi wa damu ya Kizungu na Kiindonesia, alikishambulia mwaka uleule kwamba hakisemi kweli ya kule. Namwelewa, maana Oeroeg mwenyewe hatumsikii moyo wake. Lakini ndivyo msimulizi anavyokiri mwishoni, kwamba alimjua rafiki yake kama mtu anavyojua uso wa maji. Na Haasse hakulitupa swali hilo la kumjua rafiki. Alilirudia katika riwaya ya Sleuteloog mwaka 2002, akiwa na miaka 84, safari hii akisimulia mwanamke mzee na rafiki yake wa utotoni. Miaka miwili baadaye akapewa Prijs der Nederlandse Letteren, tuzo kubwa kuliko zote za fasihi ya Kiholanzi. Alifariki 2011.

Oeroeg kipo kwa Kiingereza, kinaitwa The Black Lake. Ni kifupi, utakimaliza kwa siku mbili. Ukifika pale nyapara anapojitupa majini, kisome kwa sauti, kama ulivyofundishwa Bagamoyo.