Njia mbadala ya udahili ipime kile ambacho mtihani haukupima

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji kama ni haki chuo kikuu kumdahili mtu ambaye hakufikisha alama zinazotakiwa katika mtihani wa kumaliza sekondari, au ambaye hakuufanya mtihani huo kabisa. Jibu langu ni ndiyo, ila kwa sharti kwamba njia hiyo isiwe mlango ule ule uliolegezwa bawaba, bali iwe inapima jambo ambalo mtihani ule haukuweza kulipima. Kijana wa miaka 18 aliyepungukiwa alama chache za hisabati na muuguzi aliyekaa wodini miaka 15 akitamani shahada hawana tatizo moja. Kuwapitisha wote wawili katika utaratibu mmoja ni kuwadhulumu.

Kwa kijana aliyetoka shule karibuni, kinachokosekana kwa kawaida ni maarifa ya masomo fulani, na dawa yake ni kuyasoma. Anaweza kurudia mtihani, anaweza kusoma mwaka wa msingi, yaani wa maandalizi kabla ya shahada, ndani ya chuo chenyewe, au anaweza kuanza na astashahada, kisha stashahada, ndipo aombe shahada. Njia hii ya mwisho hudharauliwa bila sababu. Nchini Marekani, vyuo vya umma vya miaka miwili vimekuwapo tangu Chuo cha Joliet kilipoanzishwa mwaka 1901, na mpango mkuu wa elimu ya juu wa jimbo la California wa mwaka 1960 uliifanya safari ya kutoka chuo cha jamii, yaani hicho cha miaka miwili, hadi chuo kikuu kuwa sehemu rasmi ya mfumo. Mwenye stashahada ya fani ile ile anaweza kuhamisha krediti zake, yaani hesabu ya kozi alizokwisha kufaulu, na pengine kuanzia mwaka wa pili wa shahada. Aliyebadilisha fani mara nyingi huanza upya. Kuhusu mwaka wa msingi, mwombaji aulize mapema kama cheti chake kinakubaliwa na vyuo vingine au ni chuo hicho kimoja tu, kwa sababu cheti kisichotambulika kwingine humfunga mahali pamoja hata kama programu aliyoitaka haikumpokea.

Muuguzi wangu wa wodini ana habari nyingine kabisa. Yeye amekwisha kujifunza mengi, ila hakuna karatasi inayosema hivyo, na kwake njia inayofaa ni utambuzi wa maarifa na ujuzi alioupata kabla ya kuomba chuo. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2002, ilikwenda mbali zaidi kuliko wengi: jopo linaweza kumtunuku mtu shahada nzima kwa kuthibitisha yale aliyojifunza kazini. Kwingineko utambuzi huo humpa mwombaji nafasi ya kuingia tu, au humwondolea baadhi ya kozi. Utaratibu wake kwa kawaida ni kuandaa jalada la ushahidi, kuhojiwa na jopo, na pengine kufanya mtihani wa kupima uwezo.

Ni katika jalada hilo ndipo waombaji wengi wazuri huanguka. Nimewasaidia watu kadhaa kuliandaa, na kosa hujirudia: mwombaji huandika miaka aliyofanya kazi, vyeo alivyoshika na sifa alizopewa, ilhali jopo halitafuti urefu wa utumishi bali linatafuta mafunzo yaliyotokana nao. Mtunza ghala akiandika kwamba amefanya kazi hiyo miaka 11, hajasema kitu. Akieleza jinsi alivyogundua kwamba hesabu ya vitabuni hailingani na mali iliyopo, akafuatilia kosa hadi kwenye fomu za kupokelea, akabadilisha mpangilio wa fomu hizo, kisha akaambatisha fomu ya zamani na mpya pamoja na barua ya msimamizi wake, hapo amelipa jopo kitu cha kulinganisha na malengo ya kozi ya uhasibu au ya ugavi.

Wapo wanaosema njia hizi zinashusha hadhi ya shahada. Hofu hiyo naiheshimu, lakini inachanganya kuingia na kutoka. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopata hati yake mwaka 1969 na kuanza kufundisha mwaka 1971, kilipokea watu bila kudai vyeti vya sekondari, na bado aliyetaka shahada yake alipaswa kufaulu kozi kama mwanafunzi mwingine yeyote. Nchini Ujerumani, tangu makubaliano ya mawaziri wa elimu wa majimbo ya mwaka 2009, fundi mwenye cheti cha juu cha umahiri anaweza kuomba shahada hata nje ya fani yake, naye akishaingia hupimwa kwa viwango vile vile vya wenzake.

Linaloniumiza mimi ni jambo jingine. Kuna vyuo vinavyofungua mlango kwa matangazo makubwa, vikapokea ada, kisha vikamwacha mtu aliyekaa miaka 20 bila kuandika insha apambane peke yake na marejeo, takwimu na uandishi wa kitaaluma. Huyo akiacha masomo katika muhula wa pili, husemwa kwamba hakuwa na uwezo. Chuo kinachodahili kwa njia mbadala kina wajibu wa kumwekea mwanafunzi huyo mafunzo ya uandishi na hisabati katika mwaka wa kwanza, na mshauri anayemfahamu kwa jina.

Mwombaji naye ajihadhari kabla ya kulipa chochote. Athibitishe kwamba mamlaka inayosimamia vyuo vikuu inaitambua programu, aulize kama mkopo au ufadhili unahusu mwaka wa msingi, na ikiwa analenga udaktari, sheria au uhandisi, aulize bodi ya taaluma yenyewe kama inadai matokeo ya sekondari hata kwa mwenye shahada. Kwa vyuo nina ombi moja: kila mwaka vitangaze, kwa kila njia ya udahili, ni wangapi waliingia na ni wangapi kati yao waliohitimu, ili anayetaka kuomba aione hesabu hiyo kabla ya kujaza fomu.